VIOO VYA MAABARA NA HOMA ZA USAMBARA

Wadau, leo naomba tuzungumzie kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekiachia damu yake, lakini ni wachache waliowahi kukishika mkononi: kile kipande chembamba cha kioo cha maabara, slaidi kama wenyewe wanavyoiita. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa hivi. Unachomwa kidole, damu inapakwa kwenye kioo, unaambiwa kasubiri pale kwenye benchi. Baada ya muda mrefu unaitwa, unapewa karatasi, na ukifika nyumbani unatangaza: "Nimekutwa na wadudu watatu." Watatu! Kana kwamba wamehesabiwa mmoja mmoja kama kuku wanaoingia bandani.

Kwa taarifa tu, ile tatu haikuwa hesabu ya wadudu. Ni alama za kujumlisha. Mtu wa maabara akitazama maeneo 100 ya kioo na kuona kimelea kimoja mpaka kumi, anaandika alama moja. Akiona kuanzia 11 mpaka 100 katika maeneo hayo hayo, alama mbili. Alama tatu maana yake kila eneo analotazama lina kimelea kimoja mpaka kumi, na nne ni zaidi ya kumi kwa kila eneo. Kwa hiyo yule jirani aliyejitapa kwamba ana "watatu tu" alikuwa anatembea na mabilioni mwilini.

Nimeanza na hilo makusudi, maana linaonyesha jinsi tulivyozoea kuliamini jibu la kioo bila kujua limepatikanaje. Vitabu vya historia ya tiba vinaisifu hadubini, vinawasifu wagunduzi na rangi zao. Kioo kinachobeba hiyo rangi kinapita kimya kimya. Hoja yangu leo ni kwamba katika milima ya Lushoto, ambako Mlola ipo, kioo kilikuwa na uzito ambao watu wa bondeni hawakuupata, na kukichagua vizuri au vibaya kulikuwa suala la kufa na kupona.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1840 chama cha wataalamu wa hadubini cha London, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka mmoja tu kabla, kilikubaliana kipimo cha kioo: inchi tatu kwa inchi moja. Kabla ya hapo kila fundi alikata alivyopenda, na wengine waliweka vitu vyao vya kutazama kwenye vibanzi vya pembe za ndovu vilivyotobolewa matundu. (Pembe za ndovu, na sisi wa Afrika Mashariki tunajua nyingi zilikuwa zinatoka wapi.) Mpaka leo kioo cha Mlola, cha Muhimbili na cha Berlin ni kile kile: milimita 76 kwa 26 hivi, na unene wa milimita moja au kuzidi kidogo.

Shida iliyofuata ilikuwa ya rangi. Seli ya mwili ukiitazama bila rangi ni kama tone la maji ndani ya maji. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea vya malaria mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, katika damu mbichi isiyo na rangi yoyote, kwa sababu tu aliona kitu kikichezacheza. Wengi hawakumwamini, na huwezi kuwalaumu sana. Mwaka 1891 Mrusi Romanowsky akachanganya rangi mbili, eosini ambayo ni nyekundu na bluu ya methilini, na ikatokea ajabu: kiini cha kimelea kikawa cha zambarau, rangi ambayo haikuwamo katika chupa yoyote kati ya zile mbili. Tatizo, mchanganyiko wake haukutabirika. Leo unakubali, kesho unakataa.

Hapa ndipo historia inaingia nyumbani. Kuanzia mwaka 1895 mpaka 1898 serikali ya Wajerumani ilikuwa na mfamasia Dar es Salaam aliyeitwa Gustav Giemsa. Ndiyo, Giemsa yule yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye chupa za rangi katika maabara za dunia nzima. Aliporudi Ujerumani alifanya kazi katika taasisi ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto huko Hamburg, na kati ya mwaka 1902 na 1904 akatoa dawa yake: azuri na eosini ndani ya methanoli na gliserini. Gliserini ndiyo iliyomaliza ugomvi, ikaifanya rangi itulie chupani bila kuharibika upesi. Watoto wa shule zetu wanaimbishwa Pasteur na Fleming. Huyu aliyechanganya dawa kwenye joto letu la Dar es Salaam hatajwi. Natamani walimu wa baiolojia wanisomee hapa.

Na wakati Giemsa yuko Dar es Salaam, mwaka 1897 akaingia mkubwa mwingine, Robert Koch, mtu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Alikaa nchini mpaka 1898. Katika miezi hiyo yalipita mikononi mwake magonjwa mawili ambayo naomba uyashike vizuri, kwa sababu yatakutana tena baadaye.

La kwanza ni malaria. Koch alipanda Usambara. Aliona kwamba watu wa milimani hawana homa hiyo kwao, lakini wakishuka bondeni wanarudi wagonjwa. Alipouliza akaelezwa kwamba ugonjwa wenyewe unaitwa mbu, na kwamba huko chini kuna wadudu wanaoitwa jina hilo hilo, wakikuuma unaugua. Koch aliliandika hilo mwaka 1898. Sasa angalia tarehe: Ronald Ross alikuwa ameona dalili za vimelea ndani ya tumbo la mbu huko India Agosti 1897, na wakubwa wa sayansi Ulaya bado walikuwa wanabishana. Washambaa walikuwa wameshalipa jina. Hawakuwa na hadubini wala kioo, walikuwa na macho na kumbukumbu ya nani alishuka, lini, na alirudi vipi.

La pili ni tauni. Kutoka Kisiba, upande wa Bukoba, zilikuja habari za ugonjwa unaoua watu baada ya kuvimba mitoki. Daktari wa serikali aliyeitwa Zupitza alitumwa huko, sampuli zikaletwa, na Koch akathibitisha kwamba ni tauni ile ile ambayo bakteria wake alikuwa amegunduliwa na Yersin Hong Kong mwaka 1894. Hivyo ndani ya mwaka huo wa 1898 mtu mmoja alikuwa ameandika juu ya malaria ya Usambara na juu ya tauni ya Kisiba. Ramani ilikuwa safi: tauni kule ziwani, malaria bondeni, na Usambara ya juu salama kwa yote mawili. Wajerumani waliipenda sana ramani hiyo, wakajenga Wilhelmstal, yaani Lushoto, wakapumue hewa baridi.

Nitapita haraka miaka ya katikati. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara ya Mashariki, zaidi kwa ajili ya mimea. Waingereza nao, mwaka 1949, wakaanzisha kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki pale Muheza chini ya Dakta Bagster Wilson, kikahamia Amani mwaka 1951. Kutoka hapo uliendeshwa mradi wa Pare na Taveta, miaka ya 1950, nyumba zikapuliziwa dieldrin na watu wakachomwa vidole kijiji baada ya kijiji. Vioo vya damu vilivyopita Amani katika miongo hiyo ni vya kujaza maghala. Taarifa zilizochapishwa zina majina ya madaktari. Waliokuwa wakiviosha, kuvifuta, kuvifunga kwenye karatasi na kuvibeba kichwani mpaka vijijini hawamo. Baada ya Bunge kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979, Amani ikawa kituo chake.

Halafu ukaja mwaka 1980, na ile ramani safi ikachanika.

Mwaka huo tauni ililipuka wilayani Lushoto. Milimani kabisa, mahali pa mapea na kabichi. Ikawa inarudi karibu kila mwaka, kwa zaidi ya miaka 20. Mpaka ilipotulia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wameugua watu zaidi ya 7000, na waliokufa walipita 500. Watafiti walienda wakachunguza panya, hasa yule panya shamba anayezaa kama hana akili nzuri, na viroboto wake. Wakaangalia nyumba: mahindi yanahifadhiwa ndani, panya wanafuata mahindi, watoto wanalala sakafuni. Wanawake na watoto waliugua zaidi. Serikali ilipulizia dawa ya viroboto, ikatega panya, ikagawa vidonge.

Sasa fikiria wewe ndiye uliye zamu kwenye kituo cha afya huko juu, miaka ya 1980 au 1990. Anakuja mama amembeba mtoto, anaungua kwa homa, kichwa kinamgonga, anatapika. Inaweza kuwa malaria, kama walishuka Mombo wiki mbili zilizopita. Inaweza kuwa tauni, na mtoki pengine haujajitokeza vizuri. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100, na huua kwa siku chache. Ikitibiwa mapema kwa dawa kama streptomaisini au tetrasaiklini wengi wanapona, ndiyo maana Lushoto vifo havikufika hata kimoja katika kila wagonjwa kumi. Ila dawa ya malaria haiponyi tauni, na dawa ya tauni si tiba ya malaria kali. Yale magonjwa mawili ya Koch, moja la bondeni na moja la ziwani, yamekutana juu ya kioo kimoja. Na kioo chenyewe kimetoka kwenye boksi gani?

Swali hilo sikulibuni mimi. Nilipanda Mlola kwa kazi nyingine kabisa, kufuatilia bei za mboga, na jioni moja nikakaa na mzee aliyestaafu kazi za maabara, aliyefanya kazi milima hiyo miaka ya tauni. Nilimwamkia, nikamuuliza juu ya panya na vifo, maana sisi waandishi ndivyo tulivyo. Akanijibu kwa upole, halafu akasema, "Mwanangu, nyie mnauliza panya, panya, panya. Mimi nilikuwa nagombana na vioo."

Basi akanifungulia darasa, na mengi aliyoniambia nimeyakuta baadaye katika miongozo ya maabara. Nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa.

Jambo la kwanza, kioo kipya si kioo kisafi. Kikitoka kiwandani kina mafuta mafuta usiyoyaona kwa macho, na damu ikiwekwa juu yake hukusanyika kama maji juu ya jani la mgomba, au inang'oka yote wakati wa kuosha rangi. Kwa hiyo kioo kipya huoshwa kwa sabuni, kikasuuzwa vizuri, kikapitishwa kwenye spiriti, kikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha vinafungwa kumi kumi kwenye karatasi, na kuanzia hapo unavishika kwa kingo tu. Kidole cha mtu kina mafuta pia.

La pili ndilo la milimani hasa, nalo ni ukungu. Wanaoijua Usambara wanajua siku ambazo mlango ukiufungua asubuhi wingu linaingia ndani bila hodi. Kioo cha kawaida kimetengenezwa kwa mchanga, soda na chokaa. Kikikaa muda mrefu kwenye unyevu, soda inajitokeza juu, kioo kinapata weupe au rangi rangi za upinde wa mvua, na vioo vinagandana ndani ya boksi. Mtu wa Dodoma anaweza kusahau boksi kabatini mwaka mzima likawa salama, wa Lushoto hawezi. Na weupe ule hautoki kwa sabuni, kwa sababu si uchafu, ni kioo chenyewe kimelika. Ukipaka damu juu yake na kutia Giemsa, vidoa vinashika rangi, na chini ya hadubini unaona vitu vya zambarau vinavyokutazama. Mgeni wa kazi ataviita vimelea. Dawa ya jambo hili ni kabati lenye joto, hata la taa ndani, na kuagiza vioo kidogo kidogo badala ya kurundika.

La tatu ni mikwaruzo. Miaka ile vioo vilikuwa vinarudiwa. Kimoja kilitumika, kikalowekwa, kikaoshwa, kikatumika tena, mpaka kinachoka. Hakuna aliyependa, ndiyo hali ilivyokuwa. Mkwaruzo unakamata chembe za rangi na bakteria wa nje, na kwa mtu anayetafuta tauni huo ni mtego mbaya kuliko kwa anayetafuta malaria. Kimelea cha malaria kina umbo lake, pete na kito chake chekundu. Bakteria wa tauni ni kijiti kifupi kinachoshika rangi zaidi kwenye ncha zote mbili na kuacha katikati peupe, mfano wa pini ya kufungia nepi. Kijiti kidogo hivyo, kwenye kioo kilichokwaruzwa, ni rahisi kukiona pale ambapo hakipo. Kwa hiyo kwa majimaji ya mtoki mzee alikuwa anatoa kioo kipya, hata kama vilibaki vichache. Vilivyorudiwa alivitumia kwa kinyesi na minyoo. Hata hivyo pini ile haimalizi kesi, kwani kuna bakteria wengine wanaofanana nayo, na uthibitisho ulihitaji kuwaotesha kwenye sahani za Petri katika maabara kubwa. (Petri naye alikuwa msaidizi wa Koch, alieleza sahani yake mwaka 1887. Huyu Koch kila mlango unaofungua yumo.) Lakini sahani zinachukua siku, na mtoto wa kituoni hana hizo siku. Dawa ilianzishwa kwa kioo na kwa macho ya mganga.

La nne ni ncha iliyokwaruzwa makusudi. Kuna vioo vyenye upande mmoja uliofanywa mweupe, wa kuandikia. Ni ghali kidogo, na watu wengi wanadhani ni urembo. Siyo. Pale unaandika namba ya mgonjwa kwa penseli ya kawaida, na penseli haitoki. Wino wa kalamu unayeyuka ukikutana na methanoli, na methanoli ndiyo inayotumika kugandisha damu kwenye kioo kabla ya rangi. Vioo ishirini vinaingia kwenye chombo vikiwa na majina, vinatoka vikiwa havina wenyewe. Kama huna vioo vya aina hiyo kuna ujanja: unaandika kwa penseli juu ya ule utando wa damu iliyokauka. Mzee alikuwa na mwandiko mzuri, naamini aliufanyia mazoezi humo.

Na kingo nazo. Utando mwembamba wa damu unatengenezwa kwa kusukuma tone kwa ukingo wa kioo kingine. Ukingo ukiwa na kipengele, damu inakuwa na mistari kama shamba lililopitiwa na plau, na seli zinakaa kwa mafungu. Kioo cha kusukumia kinachaguliwa peke yake, kinalindwa, hakichanganywi na wenzake.

Hapo bado hatujafika kwenye kukausha, ambako baridi inaingilia tena. Malaria inapimwa kwa tone nene, njia ambayo Ross aliieleza mwaka 1903: damu nyingi mahali padogo, haigandishwi kwa methanoli, ili maji yapasue seli nyekundu na kuacha vimelea peke yao. Tone nene lazima likauke lenyewe. Bondeni linakauka upesi tu. Mlola mwezi wa saba, na ukungu ule, linaweza kukuchukua nusu siku. Kishawishi ni kulisogeza kwenye jiko. Ukifanya hivyo joto linagandisha damu, seli nyekundu hazipasuki tena, na unachokiona ni ukuta wa kahawia. Unaandika "hakuna vimelea", na mgonjwa aliyetoka Mombo na malaria yake anarudi nyumbani. Mbaya zaidi, ukiweka tone nene na utando mwembamba kwenye kioo kimoja, kama ilivyo desturi, methanoli ya utando ikidondokea tone umeliharibu kwa namna ile ile. Kwa hiyo katika baridi ni heri vioo viwili kwa mgonjwa mmoja. Hapo tena tunarudi kwenye boksi: vimebaki vingapi?

Usidhani haya ni mambo ya zamani ya kijijini. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda huu huu wa Tanga na Kilimanjaro. Walichukuliwa wagonjwa 4474 waliolazwa na kutibiwa kama wana malaria kali. Vioo vyao vikatiwa rangi na kusomwa upya kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea ni 2062, yaani asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na wengi kati yao hawakupewa dawa za bakteria. Nikisoma takwimu hiyo namkumbuka mama wa kituoni na mtoto wake. Mwaka uliotangulia watafiti wengine walikuwa wameonyesha kwamba katika Usambara maambukizi ya malaria yanapungua zaidi ya mara 1000 ukitoka bondeni kupanda mpaka uwanda wa juu. Maana yake, kadiri unavyopanda ndivyo "malaria" ya kukisia inavyozidi kuwa ya uongo, na ndivyo kioo kizuri kinavyozidi kuwa na thamani. Koch alishaambiwa hayo na wenyeji, bure, mwaka 1898.

Wasomi wa maabara kubwa watanicheka kwa kuhangaika na vioo vya kawaida. Wao wana vioo vilivyopakwa kemikali vikapata chaji chanya, kwa kuwa ngozi ya seli ina chaji hasi, basi seli zinashikilia hata ukiziosha mara kumi. Wana sahani za vishimo 96, na nyingine ambazo sakafu yake ni kioo chembamba cha milimita 0.17, kwa sababu lenzi kali zimetengenezwa kwa unene huo na ukizidi picha inafifia. Ni mambo mazuri, na kanuni ni ile ile: kwanza uliza unatafuta nini, seli yako inashika wapi, na mwanga utapitaje. Mzee wa Mlola alikuwa anauliza maswali hayo hayo matatu, ila kwa boksi la vioo 50 na taa ya chemli.

Siku hizi zahanati nyingi zinatumia kipimo cha haraka cha malaria, kile cha plastiki chenye mistari. Tanzania ilianza kukisambaza mwishoni mwa miaka ya 2000, na kimepunguza sana malaria za kukisia. Hakihitaji rangi, hakiogopi ukungu. Ila kinajibu swali moja tu. Ukiwa na homa ya papasi, au tauni, au vimelea vya malalé, chenyewe kitakuonyesha mstari mmoja na kunyamaza. Kipimo cha haraka cha tauni kipo pia, kilitengenezwa Madagaska na kuchapishwa mwaka 2003, wakati Lushoto tauni ilikuwa inaaga.

Nilimuuliza mzee anajuaje kioo kizuri dukani, kama huna hadubini ya kukijaribia. Aliinuka, akaniomba gazeti nililokuwa nalo, la kwetu wenyewe. Akatoa kioo kwenye kabati, akakilaza juu ya habari yangu ya wiki iliyopita, akakisukuma taratibu kwa kidole kushika ukingo, mstari kwa mstari. "Herufi zisicheze," akasema. "Zisipinde, zisiwe na ukungu, zisiwe kijani." Halafu akakiinua, akakipumulia, akatazama mvuke unavyotoka: kwenye kioo kisafi unatoka wote kwa pamoja, kwenye chenye mafuta unabaki mabaka. Kile kilibaki na mabaka. Akakirudisha kwenye beseni la sabuni, akachukua kingine.